Korona iliisha, tumbo halijarudi: je, ni bakteria wangu wamekufa?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 38, naishi Morogoro. Miezi minne iliyopita niliumwa korona, nilipima ikaonekana. Nilikuwa na homa na kikohozi ila sikulazwa. Kuanzia siku ya tatu nikaanza kuharisha. Duka la dawa walinipa azithromaisini. Ilipoisha wakaniongezea amoksilini ya siku saba, pamoja na Flagyl kwa ajili ya tumbo. Korona ikaisha, lakini tumbo halijawahi kurudi kama zamani. Linajaa gesi, linanguruma mpaka wanafunzi wa mbele wanasikia, siku mbili sipati choo, siku ya tatu naharisha. Chai ya maziwa siiwezi tena. Pia nachoka mapema. Jirani yangu akanipeleka kwa mtu mwenye mashine, unashika chuma mkononi, ikasema bakteria wazuri wamebaki asilimia 20 na ndiyo sababu korona ilinipata. Ameniuzia kopo la vidonge vya probayotiki kwa shilingi 180,000, na anataka kwanza nisafishe utumbo kwa dawa yake. Ni kweli bakteria wa tumboni ndio wanaozuia korona? Na je, nimpe mama yangu vidonge hivyo? Ana miaka 66 na ana kisukari, naogopa asije akaambukizwa."*

Marahaba, mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu. Antibayotiki tatu ndani ya wiki mbili hivi, kwa ugonjwa unaoletwa na kirusi. Ishike hesabu hiyo, tutairudia.

Kwanza nikutoe hofu ya ile mashine. Haikupima bakteria hata mmoja. Bakteria wa utumbo hujulikana kwa kuchukua choo, kukipeleka maabara na kusoma vinasaba vilivyomo. Chuma cha kushika mkononi kinagusa jasho la kiganja basi. Na hata choo chako kingepelekwa kwenye maabara kubwa ya utafiti, usingerudishiwa jibu la "wazuri asilimia 20", kwa sababu hakuna orodha moja ya bakteria wazuri inayowafaa binadamu wote. Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa choo cha Wahadzabe 27 wa bonde la ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuchimba mizizi, kuchuma matunda, kurina asali na kuwinda. Matumbo yao yalikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria kuliko ya Waitaliano waliolinganishwa nao. Lakini bifidobakteria, wale ambao jina lao limeandikwa kwenye makopo mengi ya probayotiki, kwa watu wazima wa Kihadzabe hawakuonekana kabisa. Sijui yule bwana wa mashine angewauzia makopo mangapi.

Sasa swali lenyewe. Ndani yake yamo maswali mawili yaliyofungwa kitita kimoja, na yule muuzaji ananufaika yasipofunguliwa. La kwanza: je, bakteria wa tumbo wanazuia kirusi cha korona kisikuingie? La pili: kirusi kikishaingia, je, hali ya bakteria hao inahusiana na namna utakavyoumwa na utakavyopona? La kwanza, hapana. Kirusi hiki kinakuja na hewa, kinatua puani na kooni, na huko hakuna bakteria wa utumbo anayekilinda zamu. Ulikipata kwa sababu ulivuta hewa aliyoitoa mtu mwenye nacho, na darasa lenye wanafunzi wengi na madirisha machache ni mahali pazuri sana pa kukipata. Hakuna aliyekosea hapo.

La pili ndilo lenye mambo.

Kirusi cha korona kinaingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kinachoitwa ACE2. Watu wengi wanadhani vipokezi hivyo viko kwenye mapafu pekee. Kumbe utumbo mwembamba umejaa navyo, tena kuliko mapafu. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi waliotesha maabara vipande vidogo vya utumbo wa binadamu, wakaviwekea kirusi hiki. Kikaingia kwenye seli zile na kuzaana. Kwa hiyo ulipoharisha siku ya tatu, hukuwa umekula kitu kibaya, wala haikuwa amiba aliyejitokeza kwa bahati mbaya wiki hiyo hiyo. Kuharisha ni sehemu ya korona kwa watu wengi, kama kikohozi kilivyo.

ACE2 haikuwekwa utumboni kungoja virusi. Kazi yake ya kila siku pale ni kusaidia kuingiza mwilini baadhi ya vijenzi vya protini vitokavyo kwenye chakula, hasa kimoja kiitwacho triptofani, kilichomo kwenye maharage, karanga, mayai na nyama. Mwili hutumia triptofani kutengeneza, pamoja na mengine, serotonini. Jina hilo utalisikia likitajwa kwenye habari za ubongo na furaha, lakini sehemu kubwa sana ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, na huko ndiyo inayosaidia kuendesha mwendo wa utumbo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba watu wenye korona ya muda mrefu, yaani dalili zinazobaki kwa miezi baada ya ugonjwa wenyewe kuisha, walikuwa na serotonini pungufu kwenye damu, na kwamba kinga ya mwili inapoendelea kupigana na kirusi, utumbo hunyonya triptofani kidogo kuliko kawaida. Sikwambii hayo ili ukatafute dawa ya serotonini. Nakwambia ili ujue kwamba choo kisichotabirika na uchovu wa mapema vinaweza kutoka kwenye mzizi mmoja. Hujidekezi.

Jambo jingine ni kwamba kirusi hiki hakiondoki tumboni kwa haraka ile kinavyoondoka puani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifuatilia vinasaba vyake kwenye choo cha watu ambao ugonjwa wao haukuwa mkali, kama wewe. Wiki ya kwanza walivikuta kwa karibu nusu yao. Baada ya miezi minne, wakati ambao koo zao zilikuwa zimekwisha kuwa safi, bado vilikuwepo kwa asilimia 12.7. Miezi saba, asilimia 3.8. Haya ni mabaki ya vinasaba, usije ukaanza kuogopa kutumia choo kimoja na wanao. Lakini kinga ya mwili haijui kutofautisha vizuri kati ya adui na mabaki ya adui, na pale mabaki yalipo inaendelea kununa.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia kwenye hadithi.

Utumbo mpana una bakteria wanaokaribia trilioni 38 kwa mtu mzima wa kawaida, idadi isiyopishana sana na ya seli zake mwenyewe. (Ile kauli kwamba bakteria ni mara kumi ya seli zetu ilipigwa hesabu upya mwaka 2016 ikaonekana si sahihi, ingawa bado naisikia kwenye semina.) Hawa si wageni wanaokula bure. Wewe ukila maharage, dona, mchicha au ndizi, kuna sehemu ya chakula hicho ambayo utumbo wako hauwezi kuisaga, nazo ni nyuzinyuzi na aina fulani ya wanga. Vinateremka hadi utumbo mpana vikiwa vizima. Bakteria wanavichachusha, na mabaki ya uchachushaji huo ni asidi ndogo ndogo, mojawapo ikiitwa butireti. Seli zinazofunika ndani ya utumbo mpana zinaitumia butireti kama chakula chao kikuu. Zinakaa bega kwa bega kama vigae, katikati ya kigae na kigae kuna kitu mithili ya gundi, na juu yao kuna tabaka la ute. Butireti ikiwa ya kutosha, vigae vinashiba, gundi inakaza, ute unakuwa mzito. Isitoshe, butireti huisaidia kinga ya mwili kuwa na askari wa kutuliza ghasia, wale ambao kazi yao ni kuwaambia askari wengine wapunguze risasi.

Ukiukumbuka ugonjwa wa korona ulivyokuwa ukiua, utaona kwa nini jambo hili liliwashtua watafiti. Wengi waliofariki hawakumalizwa na kirusi peke yake. Walimalizwa na kinga yao wenyewe iliyowaka ikashindwa kuzimika.

Hong Kong ndiko walikolichunguza jambo hili mapema. Katika matokeo yaliyotoka mwaka 2021, walichukua choo cha wagonjwa 100 wa korona waliolazwa, wakalinganisha na cha watu wasiokuwa nayo. Kwa wagonjwa, bakteria kadhaa walikuwa wamepungua, wakiwemo bifidobakteria na mmoja anayeitwa Faecalibacterium prausnitzii, ambaye ni mtengenezaji mkubwa wa butireti. Kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali, ndivyo bakteria walivyokuwa wamevurugika, na damu ilionyesha kinga iliyopandisha hasira. Upungufu huo ulikuwepo hata kwa wagonjwa ambao hawakuwa wamepewa dawa, na kwa wengine ulidumu mpaka siku 30 baada ya kirusi kutoonekana. Baadaye kundi hilo hilo lilifuatilia wagonjwa kwa miezi sita, na wale waliobaki na dalili za muda mrefu walikuwa na bakteria huyo wa butireti wachache kuliko waliopona kabisa.

Muuzaji wako anaishia hapo na kufungua daftari la risiti. Mimi nikuombe tukae kidogo. Kwamba wenye ugonjwa mkali walikuwa na bakteria wachache haimaanishi uchache huo ndio uliowaumiza. Wazee, wenye kisukari na wenye unene uliopitiliza huwa na bakteria tofauti hata kabla ya kuugua, na hao hao ndio korona iliwaelemea kwa sababu nyingine nyingi. Mgonjwa mahututi hali chakula chake cha kawaida, utumbo wake hautembei, na amepewa dawa chungu nzima. Kuku na yai.

Kuna utafiti mmoja uliosaidia kutenganisha. Mwaka 2022 watafiti wa New York waliambukiza korona panya wa maabara waliopandikizwa kipokezi cha ACE2 cha binadamu. Panya wale hawakupewa antibayotiki yoyote. Hata hivyo bakteria wao wa utumbo walivurugika, na seli zinazotengeneza ute na zile zinazolinda ukuta zikabadilika. Kisha wakaangalia wagonjwa 96 wa korona waliolazwa: baadhi yao waliokuwa wamepata bakteria kwenye damu, vinasaba vya bakteria wale vilikutwa pia kwenye choo chao, dalili kwamba walivuka ukuta kutoka utumboni. Kwa hiyo kirusi chenyewe kinaweza kuharibu nyumba. Kwamba nyumba mbovu ndiyo inayoukaribisha ugonjwa mkali, inawezekana kwa kiasi fulani, lakini kwa binadamu hilo halijathibitishwa, na mtu akikuuzia kana kwamba limethibitishwa, anakudanganya.

Turudi sasa kwenye hesabu yetu ya antibayotiki tatu.

Kila wiki kuna mgonjwa anayenimwagia mezani mfuko wake wa dawa. Zamani ulikuwa wa rambo, siku hizi ni wa kaki. Vinatoka vibao vya vidonge vilivyotobolewa nusu, hiki vidonge viwili vimebaki, kile vinne, kingine hakina jina kwa sababu kilikatwa kwa mkasi dukani. Navipanga kwa tarehe na mgonjwa ananisimulia. Kwa wagonjwa wa korona simulizi imekuwa moja: homa, azithromaisini, kikohozi hakijaisha, amoksilini, tumbo limechafuka, Flagyl. Dawa ya tatu inatibu ilichoanzisha dawa ya kwanza. Sisemi hivyo kumlaumu muuza duka wako peke yake. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika wagonjwa wa korona waliolazwa hospitalini duniani, ni asilimia 8 tu waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibayotiki, lakini asilimia 75 hivi walipewa. Madaktari wenzangu ndio waliowapa. Azithromaisini ilijaribiwa rasmi Uingereza kwa wagonjwa wa hospitalini na wa nyumbani, na haikuwasaidia.

Antibayotiki haichagui. Inawafyeka bakteria wa utumbo kama kiberiti kwenye nyika kavu. Nyika huota tena, ila si majani yote yanarudi kwa pamoja. Watafiti wa Denmark waliwapa wanaume 12 wenye afya njema antibayotiki tatu kali kwa siku nne tu. Baada ya mwezi mmoja na nusu, kwa sehemu kubwa hali ilikuwa imekaribia ilivyokuwa. Lakini baada ya siku 180 kulikuwa na aina tisa za bakteria wa kawaida ambao kwa wengi wao bado hawakuonekana. Dawa zao zilikuwa kali kuliko zako, basi usijilinganishe nao moja kwa moja. Ninachotaka uone ni kwamba miezi minne si muda mrefu kwa tumbo lililopigwa na kirusi na antibayotiki kwa mpigo. Wewe unaliona limekufa. Mimi naona linachelewa.

Kuhusu kopo la shilingi 180,000. Yule Faecalibacterium niliyekutajia, mtengenezaji wa butireti, hawezi kuvumilia oksijeni. Akiguswa na hewa ya kawaida anakufa muda mfupi tu. Ndiyo maana humkuti kwenye makopo ya dukani. Wanaouzwa ni wale wanaostahimili kukaushwa na kuwekwa kwenye kidonge, wengi wao wa jamii za laktobasili na bifidobakteria. Wana faida zao, lakini unauziwa anayepatikana, siyo uliyempoteza. Na kuna jambo ambalo hata mimi lilinishangaza lilipotoka mwaka 2018: watafiti wa Israeli waliwapa watu probayotiki baada ya antibayotiki wakitarajia kuharakisha kupona kwa utumbo, na bakteria wa asili wa watu hao wakachelewa kurudi kuliko wale walioachwa bila kitu. Waliopandwa walikalia viti vya wenyeji.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Hong Kong walifanya jaribio lililotoka mwishoni mwa 2023, likiwa na watu 463 wenye korona ya muda mrefu. Nusu walipewa mchanganyiko wa aina tatu za bifidobakteria pamoja na chakula cha bakteria, nusu nyingine wakapewa vitamini C, kwa miezi sita, bila kujua nani kapewa nini. Waliopewa bakteria walipata nafuu zaidi ya uchovu, kupoteza kumbukumbu, kushindwa kutulia kimawazo na kuchafuka kwa tumbo. Ni jaribio zuri, nalichukulia kwa uzito. Lakini ni moja, ni la mchanganyiko mmoja maalumu, na baadhi ya waliouongoza utafiti huo wana maslahi katika kampuni inayotengeneza bidhaa hizo. Kopo lako halina mchanganyiko huo kwa sababu tu limeandikwa neno probayotiki. Kama mtu ana fedha za kutosha, hana ugonjwa mkubwa, na anataka kujaribu bidhaa inayoeleweka kwa wiki nne kisha aache asipoona tofauti, simkatazi. Kwa mshahara wa mwalimu, 180,000 naiona ina kazi nyingine.

Dawa ya kusafisha utumbo, hapo nakukataza kabisa. Kwanza tafakari: anakwambia bakteria wamebaki asilimia 20, halafu anataka umalizie kwa kuwafagia hao waliobaki. Nyingi ya dawa hizo ni za kuharisha, majani ya sanamaki au chumvi chumvi, nazo zinakupotezea maji na madini, hasa potasiamu ambayo moyo unaihitaji. Utumbo hauna masizi ya kusugua.

Basi ufanye nini? Bakteria waliobaki, na wanaorudi taratibu, wanahitaji kulishwa. Chakula chao ni kile kilichopungua kwenye sahani zetu tulipohamia sembe nyeupe, chipsi na mkate mweupe. Rudisha dona. Rudisha maharage, kunde, choroko, mbaazi. Magimbi, viazi vitamu, ndizi za kupika, matembele, bamia. Ila anza kidogo kidogo. Tumbo lako sasa hivi lina gesi, ukilitwisha bakuli la maharage siku ya kwanza litakulaani. Vijiko viwili au vitatu vya choroko zilizoiva sana, siku tatu nne, halafu ongeza. Maharage yaloweke usiku kucha, yamwage maji yale, upike kwa maji mapya, gesi itapungua.

Kuna kitu kimoja ambacho wazazi wetu walikila bila kujua sayansi yake: kiporo. Viazi, ugali au wali vikipikwa kisha vikapoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya ikawa ngumu kusagwa, inapita utumbo mwembamba na kuwafikia bakteria wa chini kama zawadi. Ukipasha moto, sehemu ya wanga huo inabaki hivyo hivyo. Sharti la kiporo ni kwamba kipoe haraka na kihifadhiwe kwenye friji. Wali uliolala jikoni kwenye joto la Morogoro una bakteria wengine ambao watakurudisha chooni kwa kasi. Kama huna friji, kiporo cha wali kiache.

Maziwa nayo yana maelezo. Kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za vinyweleo vya utumbo mwembamba, palepale ambapo kuharisha kwa muda mrefu hupakwangua. Waafrika wengi tunaanza na kimeng'enya hicho kikiwa kidogo tangu ukubwani, kwa hiyo kikipungua zaidi, chai ya maziwa inakuwa mateso. Iache kwa wiki sita hivi, kisha jaribu nusu kikombe. Mtindi utauvumilia vizuri zaidi kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Na mtindi una hoja yake ya ziada: Stanford hao hao waliwapa watu wazima vyakula vilivyochachushwa kwa wiki kumi, aina za bakteria tumboni zikaongezeka na alama za kinga kununa zikashuka kwenye damu. Kundi lilikuwa dogo, watu 36 pamoja na waliopewa nyuzinyuzi, na hawakuwa wagonjwa wa korona, lakini mtindi hauna hatari na hauuzwi 180,000. Chukua usiotiwa sukari. Ukigandisha mwenyewe, maziwa yachemshe kwanza yapoe ndipo uweke mbegu, kwa sababu kuganda peke yake hakuhakikishi kuua bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa binadamu unaleta homa za miezi. Togwa ya wimbi, ile isiyotiwa sukari nyingi, ipo kwenye fungu hili pia.

Lakini mwalimu, kabla ya hayo yote kuna safari moja nataka uifanye, ya hospitali. Habari za bakteria zimekuwa tamu kiasi kwamba siku hizi kila tumbo linalouma linapewa jina hilo, na mimi nimeshaona magonjwa mengine yakichelewa kugunduliwa kwa sababu yake. Tumbo lililobadilika miezi minne linastahili kuangaliwa. Nenda na orodha ya dawa zote ulizokunywa na tarehe zake. Watapima choo, waangalie giadia, amiba na minyoo. Waangalie wingi wa damu, tezi ya shingo, sukari, na VVU, ambavyo tunampima kila mtu mwenye tumbo la namna hii, usione vibaya. Mwambie daktari waziwazi kwamba ulikunywa antibayotiki tatu, kwa sababu kuna bakteria aitwaye Clostridioides difficile anayechukua nafasi baada ya antibayotiki, na hatafutwi mpaka aulizwe. Vyote vikiwa safi, kinachobaki kwa uwezekano mkubwa ni utumbo kuwa mwepesi kushtuka baada ya maambukizi. Hali hiyo inachosha, inaweza kuchukua miezi mingi, lakini haigeuki kansa na wengi inawaachia.

Usingoje miadi kama utaona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kama unaharisha usiku mpaka unaamka, kama nguo zimeanza kukupwaya bila kujinyima, kama kuna homa, au kama unaharisha mara sita saba kwa siku na kinywa kinakauka. Hapo ni siku hiyo hiyo, huku ukinywa ORS njiani. Na uchovu ukifuatana na kifua kubana au pumzi kukatika ukipanda ngazi, hilo si la tumbo tena, sema ukifika mapokezi.

Kuhusu mama. Usimpe vidonge hivyo kwa ajili ya kumkinga, havitamkinga. Kwa mtu wa miaka 66 mwenye kisukari, kinachopunguza hatari ya korona kali ni chanjo, sukari iliyotulia, na ninyi mnaoingia nyumbani mkikohoa kuvaa barakoa au kukaa mbali naye siku hizo chache. Ulizia kituo cha afya cha karibu kama chanjo ipo. Probayotiki kwa watu wengi hazina madhara, lakini kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, au aliyelazwa na mpira kwenye mshipa mkubwa, imewahi kutokea bakteria au hamira wa kwenye kopo wakaingia kwenye damu. Mama yako huenda hayuko kwenye kundi hilo, ila daktari wake wa kisukari ndiye wa kuulizwa, si jirani. Na kama naye analalamika tumbo kuharisha, angalieni kwanza kama anatumia metformini. Dawa hiyo nzuri ya sukari ina tabia ya kuchafua tumbo, na mara nyingi hutulizwa kwa kubadilisha muda au aina ya kidonge bila kuiacha.

Mtindi na maharage mama anaweza kula pamoja nawe, mtindi usiwe wa sukari, na maharage yahesabiwe kwenye wanga wa siku. Kopo lile, kama hujalifungua, mrudishie mwenye mashine leo au kesho, uende na jirani yako awe shahidi.